Mvua inashuka, maji yanapanda: mwongozo kamili wa kupima hewa na udongo wa shamba lako, Mtwara na Lindi

Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wake mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ikaleta matrekta, ikatandika reli kutoka pwani kwenda bara, na mwaka 1951 ikauacha. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi, lakini moja haijanitoka akilini: mapori yalifyekwa kabla watu hawajapima vya kutosha mvua na udongo wa mahali penyewe.

Leo tunalima korosho, ufuta na mbaazi kwenye ardhi hiyohiyo, na ukiuliza barazani mvua ya juzi ilikuwa kiasi gani, utajibiwa "ilikuwa kubwa" au "ilipita tu." Anayejibu hasemi uongo, ila jibu lake halilinganishiki. Kubwa ya Tandahimba si kubwa ya Kilwa, na kubwa ya mwaka huu hakuna awezaye kuiweka kando ya kubwa ya mwaka juzi.

Mwongozo huu ni wa kupata namba. Nusu yake inahusu mvua inayoshuka, kazi ambayo wengi wameisikia. Nusu nyingine inahusu maji yanayotoka udongoni na kurudi hewani, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike, kwa sababu huku kwetu karibu kila mtu anaangalia mawingu na wachache sana wanaangalia kinachopanda kutoka ardhini.

Utahitaji faneli kubwa, dumu la lita 5, bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, vipimajoto viwili, mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, na daftari la kaunta. Kila siku itakuchukua kama dakika kumi.

Hatua ya kwanza: chagua mahali

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi kabla ya kuianza. Kipimamvua kikiwekwa karibu na nyumba au chini ya tawi la mkorosho, hakipimi mvua. Kinapima mvua iliyobaki baada ya kizuizi. Kanuni ni kukaa mbali na kila kitu kirefu kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Mkorosho wa mita 8, kaa mita 16. Mnazi wa mita 15, kaa mita 30. Ukipata mara nne ya kimo, bora zaidi.

Usiende kwenye kosa la upande wa pili pia, yaani kilele cha mlima kisicho na kinga yoyote. Upepo mkali hupitisha matone juu ya mdomo wa chombo bila kuyaacha yaanguke ndani. Ukingo wa uwanda wa Makonde kule Newala ni mzuri kwa macho, lakini kwa kipimamvua rudi nyuma kidogo, palipo tambarare na majani mafupi. Zungushia miba au wavu kwa ajili ya mbuzi, na waeleze watoto wa nyumbani na wa jirani kile chombo ni cha nini. Mtoto aliyeelezwa atakuwa mlinzi wako. Asiyeelezwa atamwaga maji humo ili aone kitakachotokea.

Hatua ya pili: tengeneza kipimamvua

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba. Ukishalielewa hilo, chombo chochote kinaweza kuwa kipimamvua, mradi unajua ukubwa wa mdomo wake.

Chukua faneli yenye mdomo wa sentimita 16 hivi. Tatizo la faneli ni kwamba mvua ya nguvu hugonga mteremko wake na kuruka nje. Kata ukanda wa plastiki ngumu au bati laini wenye upana wa sentimita 7, uzungushe kwenye mdomo wa faneli usimame kama ukuta, kisha ubandike kwa gundi isiyovuja. Sasa pima kipenyo cha huo ukuta, ndani kwa ndani, katika pande tatu au nne tofauti, uchukue wastani. Usikisie. Ukikosea sentimita moja tu kwenye 16, kila mvua utakayoandika kwa miaka yote itakosewa kwa zaidi ya asilimia 10.

Kipenyo cha sentimita 16 kinatoa eneo la sentimita za mraba 201. Hesabu ya kila siku ni hii: mililita ulizokusanya, zidisha kwa 10, gawanya kwa 201. Mililita 20, yaani bomba moja la sindano lililojaa, ni kama milimita moja ya mvua. Chupa ya nusu lita iliyojaa ni milimita 24.9. Dumu la lita 5 litabeba milimita 248 kabla ya kufurika, na nafasi hiyo utaihitaji siku mbaya.

Chomeka faneli kwenye mdomo wa dumu, uzibe pembeni, kisha fukia dumu hadi shingoni au liweke kivulini ndani ya kreti ili lisipate jua. Mdomo wa faneli uwe nusu mita hadi mita moja kutoka ardhini, ulale sawa kabisa. Tumia pima maji ya fundi mwashi. Ndani ya faneli weka kipande cha wavu kuzuia majani na sisimizi. Kila wiki kioshe. Maua ya mwembe na vumbi la kiangazi huziba tundu taratibu, na siku ya mvua ya kwanza ya Novemba unakuta maji yamesimama juu huku dumu likiwa kavu.

Hatua ya tatu: soma saa 3 asubuhi, kila siku

Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupima mvua ya saa 24 ifikapo saa 3 asubuhi. Saa hiyo kwetu ni saa 12 asubuhi kwa saa za dunia, mojawapo ya nyakati ambazo vituo vya nchi nyingi husoma kwa pamoja. Ukifuata saa hiyo, namba yako inaweza kukaa meza moja na namba za vituo rasmi. Ukisoma leo saa 1, kesho saa 5, huwezi kulinganisha na mtu.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika kipenyo cha mdomo, kimo kutoka ardhini, mahali, na kwamba mvua inaandikwa kwenye tarehe uliyoisoma. Kisha shika sheria tatu bila kulegeza. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku iliyodondosha matone yasiyopimika andika herufi M, yaani manyunyu. Siku ambayo hukusoma chora mstari.

Mstari na sifuri ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilisafiri siku tano mwezi wa pili, nikarudi nikajaza sifuri ili ukurasa upendeze. Baadaye jirani akaniambia siku mbili kati ya hizo maji yalipita barabarani. Februari ile yote ilibidi niifute, maana sikuwa tena na njia ya kujua jumla yake. Kama dumu limekusanya siku kadhaa, pima jumla, andika "jumla ya siku 5" kwenye siku ya mwisho, na chora mstari kwenye zile nne. Hapo jumla ya mwezi inabaki salama.

Hatua ya nne: joto na unyevu wa hewa

Kipimajoto kikikaa juani kinapima joto la kioo chake. Kinatakiwa kivuli kinachopitisha upepo. Vituo rasmi hutumia kisanduku cheupe chenye mbao za mishazari. Nyumbani, sahani saba nyeupe za plastiki zilizofunikwa kifudifudi moja juu ya nyingine kwenye skrubu ndefu, zikiachana sentimita 2, zinafanya kazi nzuri sana. Toboa zile za kati ili vipimajoto vikae ndani. Funga kwenye nguzo, mita moja na nusu kutoka ardhini, juu ya majani, kamwe si juu ya saruji au karibu na bati.

Ukiamua kutengeneza kisanduku cha mbao, kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya nchi za mbali havilitaji. Vinasema mlango utazame upande ambao jua halifiki. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana liko kaskazini yetu, lakini karibu na tarehe 20 Oktoba linapita utosini kabisa, na kuanzia hapo hadi karibu na 20 Februari linakuwa kusini. Mlango mmoja hautoshi. Weka miwili, wa kaskazini na wa kusini, ufungue ule wa kivuli kulingana na msimu.

Kabla ya kuvitumia, vikague vipimajoto vyako. Ponda barafu ya maji safi, changanya na maji kidogo, koroga, zamisha vyote viwili. Lazima visome nyuzi 0. Kikisoma 1, andika daftarini kwamba utakipunguzia 1 daima. Barafu ya soko la samaki usiitumie, kwa sababu chumvi hushusha kiwango cha kuyeyuka na utakipa kipimajoto kizima lawama isiyo yake.

Kipimajoto cha pili kivishe kitambaa cheupe cha pamba, ncha yake ikizama kwenye kichupa cha maji ya mvua. Hiki ndicho kipimajoto chenye maji. Maji yakivukiza kutoka kwenye kitambaa yanachukua joto, kwa hiyo husoma chini ya kile kikavu. Hewa ikiwa kavu, tofauti inakuwa kubwa. Hewa ikijaa mvuke, tofauti inakwisha. Kipepee kwa kipepeo kama dakika mbili kisha soma. Mfano: kikavu 31 na chenye maji 25, unyevu wa hewa ni kama asilimia 60. Kikavu 24 na chenye maji 22.5, ni kama asilimia 87. Soma saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri.

Upepo

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu wenyeji wa pwani wanajua zaidi ya nitakayoyaandika. Simamisha mti wa mita kadhaa wenye utepe mwepesi wa kitambaa, na uandike upepo unakotoka. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi. Kusi huchukua nafasi baada ya mvua kupungua na kutawala miezi ya baridi. Lakini ndani ya siku moja kuna kubadilishana kwingine: alfajiri umande, yaani upepo wa nchi kavu, unatoka bara kwenda baharini na kuwasindikiza wavuvi, kisha ardhi ikipata moto hewa yake inapanda, na hewa nzito ya bahari inaingia kujaza nafasi. Andika saa na dakika utepe unapogeuka. Mtu wa Mikindani na mtu wa Nanyamba wakiandika dakika hiyo kwa msimu mmoja, watakuwa wamepima mwendo wa upepo wa bahari ukiingia bara, jambo ambalo hakuna chombo kimoja kinachoweza kulipima peke yake.

Hatua ya tano: pima maji yanayopanda

Tuanze na nguvu. Kuvukiza lita moja ya maji kunahitaji joto la megajuli 2.45. Jua la adhuhuri, likipiga kwa wati 1000 kwenye mita moja ya mraba, lingehitaji kama dakika 40 kuvukiza milimita moja kama joto lote lingekwenda kwenye kazi hiyo. Udongo ukiwa na maji, sehemu kubwa ya jua hutumika kuvukiza. Udongo ukiwa mkavu, jua lilelile halina cha kuvukiza, basi linapasha ardhi, na ardhi inapasha hewa. Ndiyo maana upepo wa Oktoba juu ya shamba lililochomwa moto unachoma uso, na ule unaopita juu ya majani mabichi baada ya mvua ni mwepesi, ingawa jua ni hilohilo.

Watafiti hupima mabadilishano haya kwa minara. Juu yake huweka chombo cha mawimbi ya sauti kinachosoma upepo mara 10 au 20 kwa sekunde, ukipanda na ukishuka, pamoja na kingine kinachosoma mvuke. Kila kipande cha hewa kinachopanda kikiwa na mvuke mwingi kuliko kile kinachoshuka ni maji yanayoondoka. Vyombo hivyo ni ghali. Lakini sehemu moja ya jibu, yaani maji yanayotoka kwenye udongo wenyewe, unaweza kuyapima kwa mizani ya jikoni.

Kata bomba la plastiki la inchi 4 vipande vya sentimita 15, unoe ukingo wa chini kwa tupa. Pima kipenyo cha ndani. Kikiwa sentimita 10.4, eneo ni kama sentimita za mraba 85, na kila gramu 8.5 inayopungua ni milimita moja ya maji. Mizani inayosoma gramu moja itakuonyesha hata sehemu ya kumi ya milimita.

Subiri siku moja baada ya mvua kubwa, maji ya ziada yazame. Kandamiza bomba udongoni kwa ubao na nyundo hadi lijae, bila kuutikisa udongo wa ndani. Chimba pembeni, ulitoe zima, kata chini kwa kisu likae sawa, kisha funga kitako kwa nailoni mbili na mpira wa kukazia. Futa nje pakauke. Pima uzito, andika. Tandika shimo lake kwa nailoni nyingine, rudisha bomba lilingane na uso wa ardhi. Kesho saa ileile litoe, lifute, lipime tena. Gramu zilizopungua, gawanya kwa 8.5.

Tengeneza angalau manne: mawili kwenye udongo wazi, mawili chini ya matandazo ya majani makavu ya mkorosho, na majani hayo yafunike uso wa bomba pia. Mchanga wetu wa uwanda wa Makonde utakuonyesha kitu kizuri. Siku ya kwanza udongo wazi unatoa maji kwa kasi. Kisha tabaka la juu linakauka, likawa kama blanketi, na kasi inaanguka. Matandazo yanapunguza upotevu tangu siku ya kwanza. Ukiyaona kwa gramu zako mwenyewe hutamruhusu mtu kuchoma majani yale.

Zingatia mipaka ya njia hii. Bomba limekata mizizi, kwa hiyo halipimi maji yanayonywewa na mti na kutolewa kwa majani yake, na mkorosho una mizizi mirefu inayoyafuata maji chini hata katikati ya kiangazi. Pia udongo wa ndani hauwezi kupeana maji na ule wa chini yake. Baada ya siku mbili, umwage na ukate mwingine jirani. Mvua ikinyesha juu yake, siku hiyo iache.

Hatua ya sita: yatumie madaftari

Mvua zetu za msimu huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, mara nyingine Mei. Mtego ni mvua ya kwanza inayodanganya. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa kilimo ni angalau milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, zisizofuatwa na ukame mrefu katika siku 30 zijazo. Sehemu ya pili huwezi kuijua siku ya kupanda, lakini baada ya misimu kadhaa daftari litakuambia ni mara ngapi shambani kwako milimita 20 za Novemba zimefuatwa na wiki kavu, na ni mara ngapi zile za Desemba.

Wenye korosho wana sababu nyingine. Kuvu wa ubwiriunga hushambulia machipukizi na maua machanga katika miezi ya baridi, na mbegu zake husafiri kwa upepo. Kuanzia Juni, asubuhi na mapema, andika mambo manne: umande uko au hauko, tofauti ya vipimajoto viwili, upepo, na siku ulipoona unga mweupe wa kwanza. Tazama pia moshi wa jikoni alfajiri. Ukilala kama shuka bila kupanda, hewa ya chini imepoa kuliko ya juu na haichanganyiki, na hata salfa utakayopuliza itakaa kati ya miti badala ya kutawanyika. Kiasi na ratiba ya kupuliza mwulize afisa ugani, au fuata maelekezo ya kituo cha utafiti cha Naliendele.

Mwisho wa mwezi, linganisha jumla yako na makadirio ya mvua yaitwayo CHIRPS, yanayotokana na setilaiti, yanayopatikana bure na yanayoanzia mwaka 1981. Kila kisanduku chake kina upana wa kilomita 5 hivi. Linganisha jumla za siku kumi au za mwezi; za siku moja moja zitakuvunja moyo bure, kwa sababu setilaiti inakadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu, na wingu la Lindi linaweza kumwaga ng'ambo moja ya ghuba na kuiacha nyingine kavu.

Daftari linaeleza kilichotokea. Kutangaza utabiri na tahadhari ni kazi ya Mamlaka, na mtu anayetaka kuendesha kituo cha kudumu aende kwao aulize taratibu. Hili lina uzito kwetu. Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini kimoja kilipiga Lindi Aprili 1952, Kenneth kilitua ng'ambo ya Ruvuma Aprili 2019, na Hidaya cha Mei 2024 kiliacha barabara kuu ya Kusini imekatika kule Kilwa. Tahadhari ikitoka, dumu liwe tupu, faneli ifungwe kwa waya kwenye nguzo, nawe uingie ndani. Usitoke usiku kwenda kusoma. Likifurika, utaandika "zaidi ya 248," na namba hiyo itafaa.

Kabla ya Novemba hii, tafuta mtu mmoja aliye kilomita tano au kumi kutoka kwako, umtengenezee faneli kama yako, na mkae nayo wiki mbili uwanja mmoja, mdomo kando ya mdomo. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja kwa mvua ya 20, moja imepimwa vibaya kipenyo au imelala upande. Irekebisheni, ndipo yake aende nayo kwake.